Ramani Mbili za Saratani ya Matiti

Waheshimiwa wageni, wahudumu wa afya, akina mama na akina baba mliofika kusikiliza, nawashukuru kwa nafasi hii.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Mwaka huohuo wanawake wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Namba za namna hii mmeshazisikia, kwa sababu kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, hurudiwa. Leo naomba tuzigawe kwa maeneo, maana zikishagawanywa zinasema jambo ambalo jumla inalificha.

Ramani ya kwanza ni ya kuugua. Juu kabisa ziko Australia na New Zealand, ambako katika kila wanawake 100,000 hupatikana wagonjwa wapya 100 hivi kwa mwaka. Amerika ya Kaskazini pamoja na nchi za kaskazini na magharibi mwa Ulaya zinafuata kwa karibu, kwenye 90 na ushei. Ukishuka hadi Afrika Mashariki na Afrika ya Kati unakuta 30 na kidogo. India na majirani zake wako chini ya hapo. Tofauti kati ya juu na chini ni zaidi ya mara tatu.

Ramani ya pili ni ya kufa, na ukiiweka juu ya ile ya kwanza hazilingani. Katika makadirio ya mwaka 2020, eneo lililokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote cha vifo lilikuwa Melanesia, yaani Fiji, Papua New Guinea na visiwa vya jirani: vifo 27 hivi kwa kila wanawake 100,000. Afrika Magharibi ilikuwa na 22. Australia na New Zealand, vinara wa kuugua, zilikuwa na 12.

Shirika la Afya Duniani limelieleza jambo hili kwa hesabu ambayo naomba muiandike. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 atagunduliwa kuwa na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, atakayegunduliwa ni 1 kati ya 27, lakini atakayekufa ni 1 kati ya 48. Gawanyeni wenyewe. Kwa upande wa kwanza, katika kila wagonjwa 6 hufa 1. Kwa upande wa pili, katika kila wagonjwa 16 hufa 9.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Wapo watu, na baadhi yao ndio wanaopanga bajeti za afya, walioitazama ramani ya kwanza peke yake wakahitimisha kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri na maskini wana mengine ya kushughulikia kwanza. Hitimisho hilo limegharimu maisha ya wanawake wengi.

Kabla ya kuuliza kwa nini maeneo yanatofautiana, tuulize kwanza namba zinatoka wapi. Zinatoka kwenye sajili za saratani: ofisi ambazo watu wake hupita hospitali kwa hospitali na maabara kwa maabara wakiandika kila mgonjwa mpya, umri wake, mahali anapoishi na aina ya saratani aliyonayo. Denmark ilianza kusajili nchi nzima mwaka 1942. Kampala ilianza mwaka 1951, na sajili yake ni miongoni mwa kongwe zaidi barani Afrika. Lakini sajili nzuri bado zimeenea sehemu ndogo tu ya bara hilo. Mahali ambapo hazipo, wataalamu hukadiria kwa kutazama majirani. Mwanamke aliyefia nyumbani, titi likiwa na kidonda ambacho hakuna daktari aliyekipima, haingii katika hesabu hata moja kati ya hizi.

Upande wa pili nao una kasoro yake. Pale ambapo wanawake wenye afya huitwa kila baada ya miaka michache kupigwa picha ya eksirei ya matiti, yaani mamografia, hupatikana vivimbe vidogo mno, na baadhi yake visingewahi kumsumbua mwenyewe hadi mwisho wa uhai wake. Kwa hiyo kiwango cha juu kimevimbishwa kidogo, na kile cha chini kimepunjwa. Hata hivyo tofauti haiyeyuki. Ukilinganisha sehemu zenye sajili bora tu, bado unaiona.

Jambo jingine ni umri. Saratani ya matiti huongezeka kadiri mwanamke anavyozeeka, kila mahali duniani. Nchi yenye wazee wengi itakuwa na wagonjwa wengi hata kama hatari ya kila mwanamke ni ileile. Ndiyo maana viwango nilivyovitaja vimesawazishwa kwa umri, kana kwamba kila nchi ina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee. Hapa niweke sawa kauli moja inayosikika sana, kwamba mwanamke wa Kiafrika huugua akiwa na umri mdogo kuliko wenzake. Ukienda wodini utawaona kweli wagonjwa wengi wa miaka 40 na 45. Lakini sehemu kubwa ya sababu ni kwamba wanawake wa umri huo ni wengi katika jamii, na wa miaka 70 ni wachache. Msije mkamwambia bibi wa miaka 68 mwenye uvimbe kwamba huo ni ugonjwa wa wasichana.

Sasa, kwa nini? Swali hili ni la zamani kuliko vipimo vyetu vyote. Mwaka 1713 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba saratani ya matiti iliwapata sana watawa wa kike. Mwaka 1926 daktari wa Kiingereza, Janet Lane-Claypon, aliwalinganisha wanawake waliougua na wasiougua, akaona kwamba waliougua walikuwa wamezaa watoto wachache zaidi na kunyonyesha kidogo zaidi. Kazi yake ndiyo iliyowaonyesha wengine njia. Mwaka 2002 zilikusanywa takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30, zikionyesha kwamba kila mtoto anayezaliwa hupunguza hatari kwa 7%, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa 4.3% zaidi.

Kinachounganisha mambo hayo ni homoni za kike, hasa estrojeni. Msichana anayevunja ungo mapema na kukoma hedhi akiwa amechelewa huwa na miaka mingi zaidi ya matiti kuchochewa na homoni hizo. Lishe bora na utoto usio na maradhi mengi huharakisha kuvunja ungo. Elimu na ajira huchelewesha mtoto wa kwanza. Uzazi wa mpango hupunguza idadi ya watoto. Baada ya kukoma hedhi, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, kwa hiyo unene huongeza hatari. Pombe nayo huongeza: kila gramu 10 za alkoholi kwa siku, kiasi kinachokaribia bilauri moja ya mvinyo, huongeza hatari kwa takriban 7%, iwe bia, mvinyo au gongo. Zikusanye zote hizo katika nchi moja, kwa vizazi viwili au vitatu, utapata kiwango cha Australia.

Kuna wakati homoni ziliingia kupitia duka la dawa. Kwa miaka mingi mamilioni ya wanawake wa nchi tajiri walimeza vidonge vya homoni baada ya kukoma hedhi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza kwamba mchanganyiko wa estrojeni na projestini unaongeza saratani ya matiti. Wanawake wengi wakaviacha. Mwaka 2003 wagonjwa wapya Marekani walipungua kwa karibu 7%. Ni nadra katika kazi yetu kuona sababu ikiondolewa na ugonjwa ukishuka upesi kiasi hicho.

Wengine husema tofauti iko katika damu, ni asili ya watu. Urithi upo. Wanawake wenye kasoro katika jeni za BRCA1 na BRCA2 wana hatari kubwa sana, na familia zenye historia hiyo zinapaswa kupewa ushauri. Lakini saratani za kurithi namna hiyo ni kati ya 5% na 10% tu ya zote. Jibu lenye nguvu zaidi limetoka kwa wahamiaji. Japani ilikuwa na kiwango cha chini kwa miaka mingi. Wajapani waliohamia Hawaii na California walikwenda na damu yao, lakini viwango vya mabinti na wajukuu wao vilipanda kuelekea vile vya Wamarekani weupe waliokuwa majirani zao. Halafu Japani yenyewe ikabadilika, na viwango vyake vikaanza kupanda pasipo mtu kuhama.

Na kuna wanaolaumu ardhi na maji. Siwabezi. Miaka ya 1990, wanawake wa Long Island karibu na New York waliona majirani wengi wanaugua, wakachora ramani zao wenyewe nyumba kwa nyumba, wakapiga kelele mpaka mwaka 1993 Bunge la Marekani likaagiza uchunguzi. Watafiti walipima damu, mkojo, vumbi la nyumbani, udongo na maji. Zile dawa za kuua wadudu zilizoshukiwa, DDT na jamii yake, hazikuonekana kuhusika. Huko Marin, California, wilaya nyingine yenye kiwango cha juu, sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa ileile niliyokwisha kuitaja: wanawake wenye kipato, waliozaa wakiwa wamechelewa, wengi wakitumia vidonge vya homoni. Wale wanawake wa Long Island hawakupata jibu walilolitaka, ila walilazimisha sayansi iwasikilize, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Hapa lazima nisimame niseme jambo kwa uzito wote nilio nao. Haya ni maelezo ya takwimu, si amri kwa wanawake. Nimesikia watu wakiyachukua na kuwahubiria wasichana waolewe mapema na wazae mapema ili wajikinge. Huo ni upotoshaji, tena wa kikatili. Mimba za utotoni zinaua na kulemaza, na msichana aliyekatishwa shule hana uwezo wa kulipia hata nauli ya kwenda hospitali. Mwanamke akitaka kunyonyesha, tumsaidie apate muda na mahali, kazini na kwingineko. Pombe tuiseme waziwazi. Lakini kipimo cha mafanikio yetu kisiwe kuwarudisha wanawake katika maisha ya bibi zao.

Na maisha hayo hayarudi, hata mtu akitaka. Ile sajili ya Kampala imeonyesha kiwango cha saratani ya matiti kikiongezeka zaidi ya maradufu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchini China viwango vya mijini vimekuwa juu kuliko vya vijijini. India vivyo hivyo: Delhi na Chennai ziko mbali na vijiji vya Barshi. Popote watu wanapohamia mijini, wanapozaa wachache na kuishi hadi uzeeni, ramani ya kwanza inabadilika rangi. Hofu yangu ni kwamba itabadilika kabla ya ile ya pili, na nchi zenye uwezo mdogo wa kutibu zitakuwa na kuugua kwa kitajiri na kufa kwa kimaskini.

Tuje basi kwenye ramani hiyo ya pili.

Wanawake waliogunduliwa Marekani na Australia kati ya mwaka 2010 na 2014, karibu 90% walitarajiwa kuwa hai baada ya miaka 5. India ilikuwa 66%. Utafiti mmoja uliwafuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Baada ya miaka 3 tu, nusu ndio waliobaki hai. Namibia, ndani ya nchi hiyohiyo, wanawake weupe waliobaki hai baada ya miaka 3 walikuwa 90% na weusi 56%. Nigeria ilikuwa 36%.

Itazameni tena hiyo ya Namibia. Nchi moja, wizara moja ya afya. Marekani nako wanawake weusi huugua kidogo chini ya weupe, na bado kiwango chao cha kufa kiko juu kwa karibu 40%. Sehemu ya sababu ni aina ya uvimbe: kuna saratani isiyo na kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ishara kama zile za homoni, chochote kati ya vile vitatu ambavyo maabara huvitafuta ili kuchagua dawa, nayo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika Magharibi. Ni aina kali na dawa zake ni chache. Lakini wanawake weusi wenye aina zinazotibika vizuri nao hufa zaidi, na hapo huwezi kuisingizia biolojia. Mpaka unaoamua nani atapona mara nyingi hauko kati ya nchi na nchi. Unapita kati ya mtaa na mtaa.

Katika utafiti ule wa nchi tano za Afrika, kilichochangia zaidi vifo kilikuwa kufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Watu wakisikia hivyo huwalaumu wanawake: wanachelewa, wanaogopa, wanakwenda kwa waganga. Wapo wanaochelewa, na woga wao una sababu, kwa maana wamewaona jirani zao wakikatwa titi na bado wakafa. Ila fuateni safari ya mmoja wao hatua kwa hatua. Anakwenda zahanati na uvimbe usiouma. Anapewa dawa ya kuua bakteria na kuambiwa ni jipu au ni maziwa. Anarudi baada ya mwezi, anapewa nyingine. Anapata rufaa. Hospitali ya wilaya haina mtu wa kufanya biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe maabara. Kipande kinachukuliwa mkoani, kinasafiri, kinangoja mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayekichunguza kwa hadubini, na wataalamu hao ni wachache mno. Majibu yanarudi hayasemi kama uvimbe una vipokezi vya homoni, kwa kuwa kemikali za kupimia zimekwisha. Kwa hiyo daktari hajui kama tamoksifeni itamsaidia, kidonge cha bei nafuu ambacho kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Miezi inapita, na mwanamke huyu hakuchelewa hata siku moja.

Mwaka 2021 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia wa saratani ya matiti wenye shabaha tatu. Zaidi ya 60% ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza au ya pili. Kutoka siku mgonjwa anapofika kituoni mara ya kwanza hadi kupata jibu kamili zisipite siku 60. Na 80% ya wanaoanza matibabu wayamalize. Vifo vikipungua kwa 2.5% kila mwaka kwa njia hiyo, maisha milioni 2.5 yataokolewa kufikia mwaka 2040. Kwangu mimi shabaha ya siku 60 ndiyo kiini, kwa sababu inamtoa mwanamke kizimbani na kuuweka hapo mfumo.

Mtauliza, je, mashine za mamografia? Mahali zilipo pamoja na wasomaji wa picha na matibabu ya uhakika, zinasaidia. Kununua mashine kabla ya kuwa na maabara ya patholojia ni kuanzia mwisho. Mjini Mumbai wanawake zaidi ya 150,000 walishiriki utafiti wa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono ya wahudumu wa afya waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili. Uvimbe ulipatikana mapema zaidi. Kwa washiriki wote kwa pamoja upungufu wa vifo haukuwa wa uhakika, lakini kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu 30%. Mikono tu, na mafunzo, na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Shanghai nako zaidi ya wanawake 260,000 walishiriki jaribio la kufundishwa kujipapasa wenyewe kwa ratiba maalumu, na vifo havikupungua. Kwa hiyo siwapi ratiba. Nawaomba myajue matiti yenu: uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, tezi iliyovimba kwapani. Msisubiri maumivu, kwa kuwa mara nyingi hayaji mapema.

Ninyi wahudumu wa zahanati, mama akija na uvimbe kwenye titi, andikeni tarehe ya siku hiyo kwa herufi kubwa kwenye kadi yake. Kila atakayemwona baadaye aione na ahesabu siku. Waheshimiwa mnaosimamia afya, ombi langu kwenu ni taarifa moja kila robo mwaka: wanawake wangapi walifika na uvimbe, wangapi walipata jibu ndani ya siku 60, na waliokosa walikwama kituo gani. Sajili inaweza kuikusanya taarifa hiyo mkiipa karani na nauli. Tukiwa nayo kwa kila wilaya, tutaweza kuchora ramani ya tatu, ya mahali wanawake wanapokwamia, na hiyo ndiyo tunayoweza kuanza kuirekebisha mwaka huu wa fedha.

Asanteni sana. Nitapokea maswali sasa, na wenye maswali ya faragha nitawasubiri pembeni baada ya kikao.